Biashara imepata mmiliki mpya, ramani bado inaonyesha ya zamani. Nani anarudisha jina la zamani?

#1 mwenye_saluni
Wakuu, salaam. Nimechukua saluni kutoka kwa mama mmoja aliyeamua kupumzika. Mkataba umesainiwa, leseni imehamia kwangu, bango jipya liko juu ya mlango. Kinachonishinda ni ramani. Kwenye Google bado inasomeka kwa jina lake, namba yake na saa zake za kufungua. Nilibonyeza "Pendekeza mabadiliko", jina jipya likapita, likakaa kidogo, halafu la zamani likarudi bila mtu kuniambia chochote. Wateja wanampigia yeye, na yeye keshachoka kueleza kila mara kwamba hayupo tena.
Maswali mawili. Nani anarudisha jina la zamani? Na je, nirekebishe ukurasa uliopo au niufunge nianze mpya?

#2 tochi_kali
Mama bado ndiye anayeshikilia wasifu, yaani ukurasa wa saluni huko Google. Wewe unapendekeza kama mpita njia, yeye au mtu wake anaona taarifa, anarudisha jina lake. Mwambie aingie akuongeze, habari itaishia hapo.

#3 pini_nyekundu
Tochi kagusa nusu. Kupendekeza mabadiliko ni ruhusa ya mtu yeyote mwenye akaunti, na Google huyachukua kama taarifa ya kupimwa tu. Kumiliki wasifu ni suala jingine kabisa.
Kama mnaelewana, mama aingie kwenye Wasifu wa Biashara, akuongeze kwa barua pepe yako kama mmiliki, kisha baadaye akuhamishie umiliki mkuu. Nasema baadaye kwa sababu mtu aliyeongezwa karibuni hupewa siku 7 za uangalizi. Ndani ya siku hizo huwezi kumwondoa mmiliki mwingine, huwezi kufuta wasifu, na hata mama mwenyewe akijaribu kukuhamishia umiliki mkuu atakataliwa. Wengi hufika hapo wakadhani mambo yamegoma, wakaanza kufungua ukurasa wa pili. Subirini tu, ni kinga dhidi ya wezi wa kurasa.

#4 mwenye_saluni
Asante mkuu. Ila mama anasema hajawahi kufungua ukurasa wowote Google maishani mwake. Namwamini.

#5 tochi_kali
Hakufungua yeye, kafungua mpwa wake. Siku zote kuna mpwa.

#6 msoma_data
Tochi na wapwa wako! Si lazima mtu yeyote awe ameufungua. Google hujenga kumbukumbu za mahali kwa kuokota habari kwenye tovuti zilizo wazi, kwa data inayonunua leseni yake kutoka kwa wengine, na kwa michango ya watumiaji. Ukurasa unaweza kukaa miaka bila mmiliki hata mmoja.
Na hapo ndipo ninapoona jibu la swali la kwanza. Saluni ile imeandikwa kwa jina la zamani kwenye tovuti za orodha za biashara, kwenye ukurasa wa Facebook, labda na kwenye tovuti ndogo ambayo hakuna anayeikumbuka. Wewe mmoja unasema jina ni hili, vyanzo vingine vyote vinasema ni lile. Mfumo unapima, unaamini wengi, unarudisha. Tafuta namba ya simu ya mama ndani ya alama za kunukuu kwenye intaneti uone inatokea wapi. Huko ndiko kwa kusafisha kwanza.

#7 gereji_ya_kona
Naongeza kisa. Kaka yangu alinunua gereji, akakuta wasifu unamilikiwa na wakala wa matangazo aliyelipwa zamani na mmiliki wa kwanza. Wakala hapokei simu, kampuni yenyewe haipo tena. Tulibonyeza sehemu ya kudai umiliki, mfumo ukaonyesha herufi chache za barua pepe ya anayeushikilia, tukatuma ombi. Akipewa siku 7 bila kujibu unaruhusiwa kujithibitisha mwenyewe.

#8 pini_nyekundu
@gereji_ya_kona zilikuwa 7 zamani, sasa ni siku 3. Na akikaa kimya si kwamba unapewa moja kwa moja. Unarudi kwenye ombi lako, na *huenda* ukaona kitufe cha kuendelea na uthibitisho. Wengine hawakioni, inabidi waandikie huduma kwa wateja.

#9 gereji_ya_kona
Sawa, nimepokea. Kwetu kitufe kilitokea, tukaombwa video.

#10 mwenye_saluni
Video ya nini tena?

#11 gereji_ya_kona
Unarekodi kwa simu, mfululizo bila kukata. Anza nje ili mtaa na majirani vionekane, pita kwenye bango, ingia ndani uonyeshe vifaa vya kazi, kisha onyesha kitu ambacho mwenye mamlaka pekee ndiye anaweza: kufungua mlango kwa ufunguo, kuingia chumba cha wafanyakazi, kuwasha mashine ya mauzo, kuonyesha leseni. Sura za watu hazihitajiki, na usirekodi namba za akaunti ya benki. Majibu huchukua hadi siku 5 za kazi.
Kikubwa: bango la kudumu. Kitambaa kilichofungwa kwa kamba kilitukwamisha.

#12 bibi_dira
Mimi ninafanya kazi hii ya kurekebisha kurasa za watu na nina maelezo tofauti na ya msoma_data. Si vyanzo vya nje, ni *pacha*. Mara nyingi sehemu moja ina kurasa mbili: moja iliyotokana na data ya zamani, nyingine aliyoongeza mteja siku moja akiwa amekaa anasubiri. Ukirekebisha moja, mfumo unaona mbili zenye anwani moja, unaziunganisha, na jina linalobaki linaweza kuwa la ile ya zamani. Mwenye ukurasa anadhani mtu kambadilishia. Mwenye saluni, sogeza ramani karibu kabisa, tafuta jina la zamani, jina jipya, na namba zote mbili kila moja peke yake. Niambie unaona pini ngapi.

#13 mwenye_saluni
Bibi dira, umenishtua. Zipo mbili. Moja katikati ya barabara kabisa, haina picha.

#14 bibi_dira
Hiyo ya barabarani iripoti kama nakala ya ile nyingine, kupitia "Pendekeza mabadiliko" kisha sehemu ya kufunga au kuondoa. Usichague "Imefungwa kabisa". Ukifanya hivyo mteja anayetafuta anaweza kukutana na maandishi mekundu ya kufungwa mahali ambapo wewe umefungua mlango.

#15 tochi_kali
Pacha yupo, sawa. Lakini pacha habadilishi jina mwenyewe. Mpwa bado hajapatikana.

#16 Nahodha_Mstaafu
Zamani tungeingia Map Maker, zana ya Google ya kuchora ramani, tukarekebisha wenyewe bila kusubiri hukumu ya mashine. Bado ipo, jaribuni.

#17 pini_nyekundu
Haipo, nahodha. Map Maker ilifungwa Machi 2017. Kazi yake ilihamishiwa kwenye ramani yenyewe na kwa Local Guides, wachangiaji wa kujitolea wa Ramani za Google.

#18 Nahodha_Mstaafu
Basi imepita bila kuagwa. Nilichora barabara nyingi mle.

#19 chora_njia
Ilianza kutetereka 2015, pale mtu alipochora roboti wa Android akiikojolea nembo ya Apple, na picha ikapita hadi kwenye ramani ya umma. Mwezi uliofuata wakaisimamisha kwa muda wajipange upya. Tangu hapo ukaguzi umekazwa, na ndiyo maana wenye biashara halali leo wanasota na mabadiliko ya jina tu. Watu wachache walicheza, wengi wanalipa.

#20 mhasibu_pembeni
Kwenye swali la pili, ukurasa ule ule au mpya, mnapita juu juu, na ndilo zito zaidi. Ukurasa wa zamani unakuja na maoni na nyota. Mama alijenga nyota zile kwa mikono yake. Mmiliki mpya akizirithi, mteja anasoma sifa za mtu ambaye hatamkuta. Hilo si haki kwa mteja.

#21 gereji_ya_kona
Na zikiwa mbaya je? Kaka yangu alirithi malalamiko ya mafundi ambao aliwaondoa siku ya kwanza. Nyota moja moja, watu wana hasira kweli, na yeye hajawahi kuwagusa magari yao.

#22 mhasibu_pembeni
Ndiyo hoja yangu. Nzuri au mbaya, si zake.

#23 bibi_dira
Hapa tutenganishe. Kama shughuli ni ile ile, mahali ni pale pale, na wafanyakazi wamebaki, basi ukurasa uhamishwe kwa mmiliki mpya na maoni yabaki, kwa sababu maoni ni ya mahali na huduma. Kama kila kitu kimebadilika, jina, huduma na watu, wa zamani ufungwe na mpya ufunguliwe. Kesi ngumu ni ya katikati, kama hii ya saluni: jina jipya, wasusi wale wale.
Kuhusu maoni mabaya, mmiliki hana swichi ya kuyazima. Anaweza kuyaripoti, lakini kwenye orodha ya sababu za kuripoti hakuna "haya ni ya mmiliki aliyepita". Anachoweza ni kujibu kwa upole chini ya kila moja kwamba uongozi ni mpya. Wasomaji huona tarehe. Tripadvisor wao wana utaratibu wa kuomba maoni ya zamani yaondolewe palipotokea mabadiliko makubwa ya umiliki, ukileta hati, lakini msidhani kila mtandao uko hivyo.

#24 mhasibu_pembeni
Bibi dira, nakuheshimu, ila "maoni ni ya mahali" sikubali. Mtu akisifu mkono wa msusi anamsifu msusi. Kuta hazisuki.

#25 wa_pili_kutoka_mwisho
Wasusi si wamebaki lakini? Kasema bibi hapo juu.

#26 mwenye_saluni
Wamebaki wote. Aliyeondoka ni mama tu, ingawa na yeye alikuwa anasuka.

#27 mhasibu_pembeni
Basi na yeye ana nyota zake mle ndani. Mnazigawaje?

#28 chora_njia
Tunaochangia OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, nasi hatujaafikiana, na ramani yetu haina hata nyota. Duka likibadilika, wengine wanafuta nukta ya zamani na kuweka mpya ili historia zisichanganyike, wengine wanabadilisha jina kwenye nukta ile ile na kuhifadhi la zamani kwenye lebo ya `old_name`. Mimi ni wa kundi la pili, kwa sababu watu wataendelea kulitafuta jina la zamani kwa muda mrefu, na ramani isiyowafikisha imewaangusha.
Mwenye saluni, usisahau upande huu. OpenStreetMap haina mmiliki wa ukurasa wala uthibitisho wa video. Fungua akaunti, badilisha `name`, `phone` na `opening_hours`, weka `check_date` ya siku uliyohakiki, hifadhi. Mabadiliko yanaingia papo hapo kwenye hifadhidata, ingawa anayetumia programu za simu kama Organic Maps au OsmAnd hataona hadi apakue ramani mpya. Kama unaogopa kuhariri, acha dokezo, mchangiaji atalishughulikia. Ila usinakili chochote kutoka Ramani za Google kuingiza kule, leseni hairuhusu. Andika unachokiona kwa macho yako.

#29 tochi_kali
Nani anatumia hiyo? Kila mtu yuko Google.

#30 chora_njia
Unaitumia bila kujua. Meta, Microsoft na Apple wote wanachukua data zake kwa kiwango fulani. Halafu OpenStreetMap ilianza 2004, Ramani za Google zilikuja 2005. Heshimu wakubwa.

#31 tochi_kali
Shikamoo OpenStreetMap.

#32 msoma_data
Narudi kwenye hoja yangu ya #6, maana bibi dira kaipindua haraka mno. Apple kwa miaka mingi imeonyesha picha na maoni yanayotoka tovuti za maoni, Yelp na Tripadvisor. Bing Places ya Microsoft inakuruhusu kuleta wasifu wako mzima kutoka Google. Foursquare ilifungua sehemu kubwa ya data yake ya mahali mwaka 2024, yeyote anaweza kuichukua. Hawa wote wanalishana. Jina moja la zamani likibaki kwenye chungu kimoja, linachotwa tena na tena. Pacha wa bibi dira mwenyewe kazaliwa na data hiyo hiyo!

#33 bibi_dira
Hilo la mwisho nakubali. Lakini anayerudisha jina leo ni muunganiko wa pacha, hata kama babu yake ni data ya zamani.

#34 kitufe_chekundu
Nyote mnaacha kitu kimoja: uzito wa akaunti. Mwenye saluni, akaunti yako imewahi kuchangia ramani kabla ya hili?

#35 mwenye_saluni
Hapana. Niliifungua kwa ajili ya saluni.

#36 kitufe_chekundu
Basi. Akaunti changa, mchango wake wa kwanza ni kubadilisha jina, namba ya simu na tovuti ya biashara iliyopo. Hivyo ndivyo matapeli wanavyofanya wanapoteka ukurasa ili simu za wateja ziingie kwao. Mfumo haukujui, unaona alama za wizi. Niliwahi kupeleka mabadiliko kama hayo kwa akaunti yangu yenye michango ya muda mrefu, yakapita na kukaa. Rafiki yangu alipeleka yale yale kwa akaunti mpya, yakagoma.

#37 pini_nyekundu
Lina ukweli, ingawa kwa mwenye biashara dawa si kukusanya pointi za Local Guides. Dawa ni kudai wasifu na kuthibitishwa. Na hata ukishathibitishwa, usibadilishe kila kitu kwa mkupuo. Jina na anwani vikibadilika pamoja unaweza kutakiwa kuthibitisha upya. Anza na namba ya simu na saa, ziache zitulie, kisha jina, kisha picha. Ukaguzi wa kawaida ni dakika chache, ila Google wenyewe wanasema unaweza kufika siku 30.
Wasifu ukisimamishwa, andaa hati KABLA ya kubonyeza rufaa: leseni, bili yenye anwani ileile, picha ya bango. Fomu ya ushahidi inakupa dakika 60 tu baada ya kuwasilisha rufaa. Nimeona watu wakihangaika kutafuta leseni kabatini dirisha linafunga.

#38 mwenye_saluni
Hili la dakika 60 sikulijua kabisa. Asante sana. Je, naweza kuongeza "chini ya uongozi mpya" kwenye jina ili wateja waelewe?

#39 bibi_dira
Usijaribu. Jina linatakiwa kuwa kama lilivyo kwenye bango, bila nyongeza. Andika hilo kwenye maelezo ya biashara au kwenye chapisho. Jina lenye mapambo ni sababu inayojulikana ya kusimamishwa.

#40 wa_pili_kutoka_mwisho
Na namba ya mama? Akiiacha, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine. Wateja watakuwa wanampigia mgeni.

#41 gereji_ya_kona
Ilitutokea. Namba ya mmiliki wa kwanza ilienda kwa kijana asiyejua lolote kuhusu magari. Tulimwomba radhi. Kama mama anakubali, nunua namba hiyo pamoja na biashara, iandikwe kwenye mkataba. Nenosiri za kurasa zote pia ziandikwe humo. Wanasheria wengi hawaulizi hayo.

#42 mhasibu_pembeni
Hapo nakuunga mkono kabisa. Tunahesabu viti na mashine hadi kimoja, lakini ukurasa unaoleta wateja hatuuandiki popote. Ni mali ya biashara, na uhamisho wake ufanyike siku ya makabidhiano, wote wawili wakiwa mbele ya skrini moja.

#43 Nahodha_Mstaafu
Samahani kupotosha mada. Gari langu lina ramani yake ndani, haitumii Google. Bado inanionyesha kituo cha mafuta kilichogeuka ghala. Hiyo inarekebishwa wapi?

#44 chora_njia
Angalia kwenye mipangilio imeandikwa data ya nani. Kama ni kampuni ya ramani ya HERE, wana zana ya wavuti inayoitwa Map Creator. Kama ni TomTom, nao wana sehemu ya kuripoti. Ila hata wakikubali, gari lako halitajua hadi upate toleo jipya la ramani. HERE ilinunuliwa na Audi, BMW na Daimler mwaka 2015, kwa hiyo magari mengi ya kampuni hizo yanaitumia.

#45 Nahodha_Mstaafu
Shukrani. Ngoja nikaangalie.

#46 mwenye_saluni
Mrejesho, wakuu. Pacha wa barabarani ameondolewa. Jina jipya linaonekana kwenye simu yangu, kwenye simu ya mke wangu bado ni la zamani. Facebook ya zamani imepatikana, na kweli kulikuwa na tovuti ndogo yenye namba ya mama.

#47 msoma_data
Tovuti! Nilisema.

#48 bibi_dira
Pacha kaondoka kwanza, jina likafuata. Soma mpangilio wa matukio, mkuu.

#49 kitufe_chekundu
Au akaunti yake sasa ina michango iliyokubaliwa.

#50 tochi_kali
Mwenye saluni, hiyo tovuti ndogo na hiyo Facebook, nani alizifungua?

#51 mwenye_saluni
Nimemuuliza mama. Anasema kuna kijana wa dada yake alimsaidia wakati fulani, lakini ana hakika ilikuwa Facebook tu.

#52 tochi_kali
Muulize huyo kijana barua pepe aliyotumia. Ukibonyeza kudai umiliki, linganisha na herufi zitakazotokea. Tupe jibu hapa.

#53 mhasibu_pembeni
Na ukishaupata huo wasifu, nyota za mama unafanyaje? Hakuna aliyenijibu.